Kubadili, Kugeuza na Kurekebisha: Tafsiri ya Vitenzi vya Kiingereza Vyenye Maana ya Mabadiliko

Miongoni mwa maneno yanayomsumbua mfasiri wa nyaraka za serikali ni kundi la vitenzi vya Kiingereza vyenye maana ya kukibadili kitu au kukifanya upya. Vitenzi hivyo ni vingi: "change", "alter", "modify", "amend", "revise", "review", "reform", "adjust", "adapt", "convert", "transform", pamoja na vile vyote vinavyoanza kwa kiambishi "re-". Mfasiri akutanapo navyo, aghalabu huvigawa mafungu mawili tu. Fungu la kwanza hulipa neno "kubadilisha", fungu la pili hulipa neno "kurekebisha", kisha huendelea na kazi yake. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hilo halina madhara. Katika sheria, mikataba na nyaraka za serikali madhara yaweza kuwa makubwa, kwa kuwa huko tofauti ya kitenzi na kitenzi mara nyingi ni tofauti ya mamlaka na mamlaka.

Makala haya yanakusudia kuzieleza tofauti hizo na kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzibeba. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza hazina budi kupata matini ya Kiswahili, na kila sheria kati ya hizo ina vifungu vinavyoeleza nani aweza kubadili nini, na kwa kiasi gani.

1. Neno moja mbele ya mahakama

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mabishano ya wanaisimu tu. Basi na tuanze na kesi iliyosikilizwa Nairobi. Katiba ya zamani ya Kenya, iliyotumika mpaka mwaka 2010, ilikuwa na kifungu cha 47 kilicholipa Bunge uwezo wa "alter" katiba kwa kura zisizopungua asilimia 65 za wabunge wote. Kifungu hicho hicho kilifafanua kwamba neno hilo ni pamoja na kurekebisha sharti lolote la katiba, kulitunga tena, kulisimamisha, kulifuta, na kuweka sharti jingine mahali pake. Mwanzoni mwa mwaka 2004 mkutano wa kitaifa uliofanyika Bomas ulikuwa ukikamilisha rasimu ya katiba mpya. Swali likazuka: je, Bunge laweza kukitumia kifungu cha 47 kuipitisha katiba hiyo mpya?

Timothy Njoya na wenzake walifungua kesi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, na mwezi Machi 2004 Mahakama Kuu, kwa wingi wa majaji, iliamua kwamba Bunge halina uwezo huo. Kwa ufupi, hoja ilikuwa hii: Bunge laweza kurekebisha au kufuta sharti hili na lile, hata yakiwa mengi, lakini katiba iliyofanyiwa hivyo sharti ibaki kuwa ile ile. Kuiondoa katiba nzima na kuweka nyingine ni jambo lisilomo katika maana ya "alter". Uwezo huo ni wa wananchi wenyewe. Baada ya hukumu hiyo Wakenya walipiga kura ya maoni mara mbili. Tarehe 21 Novemba 2005 waliikataa rasimu iliyoletwa mbele yao. Tarehe 4 Agosti 2010 waliikubali nyingine, nayo ikatangazwa rasmi tarehe 27 ya mwezi huo.

Njia hiyo ilikuwa imekwisha kupitwa na wengine. Tarehe 24 Aprili 1973 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya Kesavananda Bharati, iliamua kwa majaji 7 dhidi ya 6 kwamba uwezo wa Bunge wa "amend" katiba hauendi mpaka kuuharibu muundo wake wa msingi. Hoja hiyo ilirudi Kenya mwaka 2021, pale Mahakama Kuu na baadaye Mahakama ya Rufani zilipoupinga mswada wa kurekebisha katiba ya 2010. Machi 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba nadharia ya muundo wa msingi haitumiki chini ya katiba hiyo, ingawa mswada wenyewe haukunusurika, kwa sababu nyingine.

Sasa na tumfikirie mfasiri aliyepewa kifungu cha 47 akaandika kwamba Bunge laweza "kubadilisha katiba". Msomaji wa Kiswahili angeelewa mambo mawili kwa wakati mmoja: kuyabadilisha baadhi ya masharti yake, na kuitoa katiba hii na kuweka nyingine, kama mtu anayebadilisha shati. Lile lile ambalo mahakama iliitwa kulitenganisha, tafsiri ingekuwa imekwisha kulichanganya.

2. Akiba yetu ya vitenzi

Kabla ya kuvishika vitenzi vya Kiingereza, yafaa tuviangalie vya kwetu.

"Badili" ni ndugu wa neno "badala". Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Maana yake ya asili ni kwamba kimoja kinaondoka na kingine kinashika nafasi yake. "Geuza" ni neno la namna nyingine. Kitu kinabaki kile kile, bali upande wake, umbo lake au hali yake inakuwa nyingine. Aliyebadili shati amevaa shati jingine. Aliyegeuza shati amevaa lile lile, ndani nje. Maji hugeuka barafu, wala hayabadilishwi kwa barafu. Tofauti hii iko wazi katika lugha ya watu, lakini katika nyaraka imefifia kwa sababu "badilisha" limefanywa kuwa neno la kila jambo.

"Rekebisha" humaanisha kukiweka sawa kitu ambacho kinabaki. Huna haja ya kukivunja. Wagusa palipolegea au palipopinda. "Sahihisha" linadai zaidi ya hapo: linadai kwamba liko jibu sahihi linalojulikana, na kwamba kilichoandikwa kimekosea. Mwalimu husahihisha madaftari. "Durusu" na "pitia upya" ni maneno ya macho na fikira. Mtu hukisoma tena kitu ili aone kama kinahitaji kuguswa. "Tengeneza" na "karabati" ni ya kukirudishia kitu kilichoharibika uwezo wake wa kufanya kazi.

Lipo pia kundi la vitenzi vyenye kiambishi tamati cha kutendua. Kutoka fuma twapata fumua, kutoka panga twapata pangua, na kutoka pinda, pindua. Vitenzi hivi vina nguvu ambayo wafasiri wengi wameisahau. Fundi cherehani anajua tofauti zote tunazozitafuta hapa: kutia kiraka ni jambo moja, kupunguza nguo ni jambo la pili, na kuifumua nguo yote na kuishona upya ni jambo la tatu. Wananchi wanaosema kwamba katiba fulani imejaa viraka hawakufundishwa istilahi hiyo na wanasheria. Waliichukua kwa fundi.

3. Vitenzi vya Kiingereza, kimoja baada ya kingine

"Change". Hili ndilo neno pana kuliko yote, nalo "badili" hulitosha mara nyingi. Tatizo lake ni la sarufi. Kiingereza hutumia umbo lile lile kwa anayebadili na kwa kinachobadilika. Kiswahili hudai tuchague: kubadili, kubadilika au kubadilishwa. Uchaguzi huo si wa mapambo. Tangazo linalosema "ada zimebadilika" linaziweka ada mahali pamoja na hali ya hewa, kana kwamba hakuna aliyezigusa. Tangazo linalosema "ada zimebadilishwa" linakiri kwamba yuko aliyefanya hivyo, na msomaji ana haki ya kuuliza ni nani. Mfasiri aitazame matini ya asili: kama mtendaji anajulikana, asimfiche kwa kauli ya kutendeka.

"Alter" na "modify". Neno la kwanza lina asili ya Kilatini yenye maana ya "ingine": kitu kinakuwa tofauti na kilivyokuwa, lakini hakipotei. Katika sheria "alter" ni jina la jumla ambalo chini yake huja maneno mengine kama kurekebisha, kufuta na kuweka badala. "Modify" ni dogo zaidi. Ni kubadili kwa kiasi, au kupunguza ukali wa jambo. Kwa "modify" twapendekeza "badili kwa kiasi" pale ambapo udogo wa mabadiliko ni sehemu ya maana. Kwa "alter" la kisheria twapendekeza "badili masharti ya", na si "badili" peke yake, ili ijulikane kwamba kinachobadilika ni masharti na kwamba chombo kinabaki.

"Amend". Asili yake katika Kilatini ni kuondoa kasoro, na kwa sababu hiyo baadhi ya wafasiri hulipa neno "sahihisha". Hilo halifai. Sheria huweza kurekebishwa ikiwa haina kosa lolote, kwa kuwa tu mahitaji ya nchi si yale ya zamani. "Rekebisha" na "marekebisho" yamekwisha kuzoeleka, kama tuonavyo katika miswada ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, nayo yaachwe yashike nafasi hiyo. "Sahihisha" libaki kwa makosa ya uchapaji, ya hesabu na ya majina.

"Revise" na "review". Yote mawili yamejengwa juu ya mzizi wa kuona. Anayefanya "review" anatazama, na baada ya kutazama aweza kuacha kila kitu kilivyo. Anayefanya "revise" ametazama na ametia mkono. Kwa la kwanza tuna "pitia upya" na "mapitio". Kwa la pili, kitabu hudurusiwa, na toleo lake huitwa toleo lililodurusiwa. Katika sheria za Tanzania neno "urekebu" limeshika kazi maalumu ya kuzikusanya sheria pamoja na marekebisho yake yote na kuzichapa katika toleo moja. Kazi hiyo haimpi mrekebu uwezo wa kubadili maana ya sheria, kwa hiyo ni vyema kwamba ina jina lake peke yake. Yafaa tulitunze jina hilo lisimezwe na "marekebisho".

"Reform". Hapa umbo lenyewe la jambo linafanywa jingine kwa nia ya kuondoa ubaya wa zamani. Neno la Kiswahili lililojijenga ni "mageuzi". Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kenya na Tanzania ziliporudi katika mfumo wa vyama vingi, neno hilo lilienea nchini kote. Chama cha NCCR-Mageuzi kinalo ndani ya jina lake, na "reform" limo katika jina lake refu la Kiingereza. Hata hivyo chombo kiitwacho kwa Kiingereza "Law Reform Commission", kilichoundwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 1980, jina lake la Kiswahili ni Tume ya Kurekebisha Sheria. Jina hilo limezoeleka na hatupendekezi liguswe. Twaonyesha tu kwamba "amend" na "reform", ambayo ni ngazi mbili mbalimbali, yamekutana katika neno moja.

Ifahamike pia kwamba "mageuzi" si "mapinduzi". Kupindua ni kukilaza chali kilichosimama, nalo ni neno lenye historia kubwa, hasa Zanzibar tangu Januari 1964. Mfasiri asilitumie kwa kila jambo kubwa.

"Adjust" na "adapt". "Adjust" ni kulegeza na kukaza mpaka vitu viingiane. "Rekebisha" au "linganisha" hulifaa. "Adapt" ni kukifanya kitu kifae mahali pageni. Wanaisimu wana neno zuri la "kutohoa" kwa maneno yaliyochukuliwa kutoka lugha nyingine na kuvikwa sauti za Kiswahili. Kwa vitu visivyo maneno, yatosha kusema wazi "kurekebisha ili kifae".

"Convert" na "transform". Haya ni ya ukoo wa "geuza". Kipimo cha maili hugeuzwa kuwa kilomita, jengo la ghala hugeuzwa kuwa darasa. Kwa fedha, watu husema kubadilisha, na wana haki, kwa kuwa noti moja inaondoka na nyingine inakuja badala yake. Hapo lugha yetu imepambanua kitu ambacho Kiingereza kimekichanganya.

Mwisho kuna kiambishi "re-". Wengi hukifasiri kwa "tena", na wengine kwa "upya", kana kwamba ni mamoja. Mwanafunzi aliyeambiwa aandike insha tena aweza kuinakili ile ile kwa mwandiko mzuri. Aliyeambiwa aiandike upya anajua kwamba ya kwanza imekataliwa. Kulitunga tena sharti la sheria ni kulipitisha mara ya pili; kulitunga upya ni kulipa maneno mengine.

4. Neno "mabadiliko" katika katiba ya Tanzania

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalishughulikia jambo hili katika ibara ya 98. Ibara hiyo inatumia "kubadilisha", na mara moja inaeleza kwamba neno hilo ni pamoja na kurekebisha, kusahihisha, na kufuta masharti na kuweka mengine badala yake. Mabadiliko ya kawaida ya masharti ya katiba huhitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote. Mwandishi wa sheria alifanya vyema: alijua kwamba "kubadilisha" ni neno pana, akalitia mipaka ndani ya katiba yenyewe. Mfasiri naye afuate mfano huo. Neno pana likilazimika kutumika, lifafanuliwe mwanzoni mwa waraka.

Ugumu ulikuja baadaye. Kwa miaka mingi "mabadiliko ya katiba" yalikuwa na maana ya marekebisho yanayopitishwa na Bunge, kama yale mabadiliko ya nane ya mwaka 1992 yaliyoleta mfumo wa vyama vingi. Mwaka 2011 ikatungwa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, ambayo kwa Kiingereza jina lake lina neno "Review", yaani mapitio. Chini yake iliundwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ikiongozwa na Jaji Joseph Warioba. Kazi yake ilizaa rasimu ya katiba nzima, na mwaka 2014 Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa.

Tutazame maneno. Kiingereza kilisema kutazama upya. Kiswahili kilisema mabadiliko. Jambo lenyewe lilikuwa kuandika katiba mpya. Mambo matatu, na mwananchi aliyeombwa maoni yake alikuwa na neno moja tu mkononi, lile lile alilolisikia mwaka 1992. Hatusemi kwamba neno ndilo lililoamua mwisho wa shughuli ile. Twasema kwamba mtu akiulizwa kama anataka "mabadiliko ya katiba", ana haki ya kujua kama anaulizwa juu ya kiraka au juu ya nguo mpya.

5. Mapendekezo

Mfasiri akutanapo na kitenzi chochote cha kundi hili, ajiulize maswali matatu. Kwanza, baada ya kitendo, kitu kinabaki kile kile au kimeondoka? Kikibaki, maneno yake ni rekebisha, geuza, durusu. Kikiondoka, ni badili, weka badala, andika upya. Pili, je, matini inadai kwamba palikuwa na kosa? Ikiwa haidai, "sahihisha" lisitumike. Tatu, nani anatenda, na mamlaka yake yanafika wapi? Kauli ya kitenzi imwonyeshe mtendaji huyo.

Kwa msingi huo twapendekeza kwamba katika nyaraka rasmi "amend" liwe rekebisha. "Correct" liwe sahihisha. "Review" liwe pitia upya. "Revise" liwe durusu kwa vitabu na urekebu kwa matoleo ya sheria. "Reform" liwe fanyia mageuzi. "Convert" na "transform" yawe geuza. "Repeal" liwe futa. Na "replace" liwe weka badala. "Overhaul", ambalo wengi hulizungukia kwa sentensi nzima, laweza kuwa fumua na kuunda upya. Neno lolote litakalochaguliwa lishikwe tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa maana msomaji wa sheria huamini kwamba neno likibadilika na maana imebadilika.

Tuongeze tahadhari mbili. Ya kwanza ni juu ya "kuboresha". Neno hili limetokana na "bora", kwa hiyo lina sifa ndani yake. Idara ikipunguza matawi yake na mfasiri akaandika kwamba idara "imeboreshwa", huyo ametoa hukumu ambayo matini haikuitoa. Ya pili ni juu ya mtindo wa kukigeuza kila kitenzi kuwa jina: "kufanya marekebisho katika" mahali pa "kurekebisha", "kuleta mabadiliko katika" mahali pa "kubadili". Mtindo huo huongeza maneno na kumpunguza mtendaji.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi akifundishwa tangu darasani kwamba kubadili, kugeuza, kurekebisha na kusahihisha ni mambo manne, hatahitaji kufundishwa tena atakapokuwa karani, hakimu au mbunge. Siku atakapoletewa waraka wa kutia sahihi au karatasi ya kupigia kura, atajua anachokiidhinisha.